Kabla Hujaita Rigi, Tupime Kwanza

Sisi tunapima maji na kuchimba visima mkoani Tabora, na simu nyingi tunazipokea Septemba na Oktoba. Anayepiga huwa ameshachoka: kisima cha jirani kimekauka, ng'ombe wanapelekwa mbali kunywa, na bei ya maji ya boza imepanda. Karibu kila mara swali la kwanza ni hili: "Mita moja mnachimba kwa shilingi ngapi?"

Swali hilo tunalijibu, ila tunaomba liwe la mwisho. Bei ya mita haikuambii chochote kuhusu maji. Rigi, yaani mashine ya kuchimba, itatoboa mita 100 za mwamba mkavu kwa gharama ileile ya mita 100 zenye maji, na ukikuta vumbi tupu huko chini hakuna wa kukurudishia fedha zako.

Tulipoanza kazi hii, mzee mmoja wa upande wa Uyui alituonyesha kona ya shamba lake. Mtafuta maji wa kijiti alikuwa amepita hapo na kijiti kikainama. Nasi hatukupima, tukachimba palepale. Mita 90, hakuna tone. Fedha ile mzee alikuwa ameipata kwa kuuza ng'ombe. Hakutulaumu, akasema tu kwamba ni bahati yake. Lakini haikuwa bahati. Ilikuwa kazi iliyorukwa, na tangu siku ile hatupeleki mashine mahali ambapo hatujapima.

Ugumu wa maji ya Tabora unaanzia kwenye mwamba. Sehemu kubwa ya mkoa wetu imekaa juu ya graniti, itale ngumu yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Graniti isiyopasuka haina vitundu vya kuhifadhi maji kama mchanga. Maji hukaa mahali pawili tu: kwenye tabaka la juu ambalo mwamba umeoza na kulegea kwa miaka mingi, na kwenye mipasuko ya mwamba wenyewe huko chini. Tabaka hilo lililooza laweza kuwa nene hapa, na hatua hamsini mbele likawa jembamba kabisa. Mpasuko nao waweza kupita uani kwa jirani usiguse kwako. Ndiyo maana mtu anachimba kando ya kisima kizuri na kuambulia shimo kavu, kisha watu wanaanza kunong'ona kuhusu uchawi.

Jambo la pili ni jua. Mkoa hupata mvua ya milimita 700 hadi 1,000 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi cha nusu mwaka, na nguvu ya jua letu ya kuvukiza maji ni kubwa kuliko mvua tunayopata. Mto Wala na Mto Igombe hujaa masika, halafu hunywea hadi kubaki madimbwi. Maji yake huelekea Mto Malagarasi, na mwishowe Ziwa Tanganyika. Upande wa Igunga mambo ni tofauti: Mto Manonga huingia kwenye mbuga ya Wembere na kuelekea Ziwa Kitangiri, wala hayo maji hayafiki baharini. Maji yasiyo na pa kutokea huondoka kwa kuvukizwa, na chumvi inabaki. Mteja wa Igunga anayelalamika kwamba kisima chake ni cha magadi, jibu lake lipo kwenye ramani.

Kwa hiyo tunapokuja kupima, swali letu si "maji yako wapi" peke yake. Tunataka kujua ni kiasi gani, yanaingia ardhini kwa njia ipi, yana nini ndani yake, na Oktoba yatakuwa yamebaki mangapi.

Kazi huanza ofisini kwa picha za setilaiti na ramani za miamba. Mipasuko mikubwa huonekana kama mistari iliyonyooka: korongo linalokata kona ghafla, au safu ya miti mibichi katikati ya pori lililokauka. Kisha tunatembea kwa miguu. Mkuyu mkubwa unatupa dokezo, ingawa si uthibitisho. Visima vilivyopo tunavipima kina cha maji kwa mita ya kamba, na tunakaa na wazee na akina mama wanaoteka. Hawa ndio wanaojua kisima kipi hukauka mwezi gani, na kipi kilivumilia mwaka wa ukame mkali. Mtaalamu asiyekaa nao ameacha nusu ya vipimo kijijini.

Baada ya hapo ndipo kifaa kinatolewa. Tunapigilia vigingi vinne vya chuma kwenye mstari mmoja. Viwili vya nje hupitisha umeme ardhini, viwili vya ndani hupima tofauti ya volti kati yake. Kadiri tunavyotanua vigingi vya nje, ndivyo umeme unavyopita chini zaidi, na kila hatua inatupa namba ya ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyoupinga umeme. Graniti isiyopasuka husoma maelfu ya omu-mita. Makumi hadi mia kadhaa, mara nyingi, ni mwamba uliooza wenye maji. Ikishuka chini ya kumi tunashtuka, kwa sababu huo huwa ni mfinyanzi mzito au maji ya chumvi.

Tafadhali elewa hapa: kifaa hakioni maji. Kinaona jinsi umeme unavyopita, na anayesema kuna maji ni mtu anayesoma namba zile pamoja na alichokiona kwa macho. Ukikutana na mtu anayekuahidi lita kamili kwa saa kabla ya kuchimba, muulize amezipata wapi.

Wengi wanadhani upimaji ni wa visima tu, lakini maji ya juu ya ardhi nayo hupimwa. Kwa kijito kidogo tunatumia kijiti kinachoelea na saa. Kikienda mita 10 kwa sekunde 20, kasi ya juu ni nusu mita kwa sekunde. Tunazidisha kwa upana na kina, kisha tunapunguza kidogo kwa sababu maji ya chini huenda taratibu kuliko ya juu. Kipimo kimoja cha Machi hakitoshi, maana mto uliopimwa Machi pekee utakudanganya.

Malambo ya mifugo ndiyo yanayotuumiza roho zaidi. Tunakuta lambo pana kama uwanja wa mpira, kina kifupi, limekauka Agosti, na wachungaji wanalaumiana kwamba ng'ombe wa fulani wamelimaliza. Katika miezi sita ya kiangazi jua peke yake laweza kunyonya kina cha mita moja au zaidi. Lambo la mita moja na nusu limeshashindwa kabla ng'ombe hajainamisha kichwa. Chimbeni eneo dogo, mwende chini zaidi, na muweke mtego wa kunasa tope kabla ya maji kuingia.

Kisima kikishapatikana, kazi muhimu kuliko zote ni kupima kinavyohimili kupampu, na ndiyo wateja wengi huomba tuiruke ili kupunguza gharama. Kupuliza maji kwa kompresa kwa saa moja na kushangilia yanavyoruka si kipimo. Tunapampu kwa kiwango kimoja, ikiwezekana kwa saa 24, huku tukiandika maji yanavyoshuka ndani ya shimo. Yakishuka kutoka mita 18 hadi 31 na kutulia hapo, kisima kinatoa kadiri kinavyopokea. Yakiendelea kushuka bila kutulia, unatumia akiba. Kisha tunazima pampu na kutazama yanavyopanda tena, na hapo ndipo ukubwa wa pampu ya kununua unajulikana. Tumekuta pampu nyingi zilizoungua kwa sababu tu zilikuwa kubwa kuliko kisima.

Wala usikidharau kisima kidogo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja kwa watu 250. Hizo ni lita 6,250. Kisima cha lita 1,000 kwa saa, kikiwa na sola na tanki, kinazitoa kwa saa saba.

Maji lazima yapelekwe maabara hata kama ni matamu mdomoni. Kiwango cha floraidi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto hubadilika rangi, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa huathirika. Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji yanapungua na yenyewe inabaki palepale.

Kuhusu vibali, uchimbaji hupitia bodi ya maji ya bonde chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2009. Sehemu kubwa ya mkoa iko Bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo makao yake ni Kigoma. Upande wa Manonga na Wembere ni Bonde la Kati. Tunakusaidia kuandaa maombi, na ripoti ya upimaji ndiyo inayoambatanishwa.

Wapo wanaouliza: maji ya Ziwa Victoria si yameshafika? Yamefika Tabora mjini, Nzega na Igunga. Kama bomba linapita karibu nawe, unganisha bomba; tutakuambia hivyo bila kukutoza. Na kama vipimo vinaonyesha shamba lako halina maji ya kutosha chini, ripoti itasema usichimbe, nawe utakuwa umelipia upimaji tu. Mara nyingine tunaishia kushauri paa. Bati la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 800, hata ukitoa yanayopotea, linakupa karibu lita 64,000 kwa msimu.

Muda mzuri wa kutuita ni kabla ya Novemba, maji yakiwa yameshuka kabisa. Ukipiga simu tuambie kijiji, idadi ya watu na mifugo, umbali wa choo kutoka pale unapotaka kisima, na kama kuna shimo lililowahi kuchimbwa jirani, hata lile lililokosa maji. Hilo lililokosa tunalihitaji zaidi.