Baba, naomba giaboksi ile ya Land Rover isiuzwe

Aarhus, Denmark

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Mimi ni mzima, kazi inaendelea vizuri na baridi nimekwisha kuizoea. Pesa ya mabati ya Bibi wa Mvumi nimeituma kwa Mama tangu Jumanne, kwa hiyo jambo hilo limekwisha, na Baba Mdogo Elia hana tena sababu ya kuliunganisha na jambo lililonifanya nikuandikie barua hii.

Nimesoma maneno aliyoyaandika kwenye kundi la familia chini ya picha ya gari langu. Alisema kwamba mwanamke mzima, aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa ukoo, amekwenda Ulaya kununua vitu vya kuchezea watoto, na kwamba pesa hiyo ingetosha kuongeza mtamba zizini. Kaka Daudi akajibu kwa vicheko. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nimejenga nini wala nimelijenga vipi, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko maneno ya ng'ombe. Wewe najua hukuiona picha, kwa sababu simu yako si ya kupokea picha. Nimeona heri nikueleze mwenyewe kwa maandishi, maana katika ukoo wetu hakuna mwingine ninayemkubali kuwa hakimu wa mambo ya injini.

Gari lenyewe ni Bugatti Chiron. La kweli lilikuwa likiundwa Molsheim, Ufaransa. Injini yake ina silinda 16 na turbo nne, na nguvu zake ni za farasi 1,500. Hili langu ni mfano wake uliopunguzwa mara nane, uliotolewa mwaka 2018 na LEGO, kampuni ya hapa hapa Denmark, na lina vipande 3,599 vya plastiki ngumu vinavyoshikana kwa pini, bila gundi na bila skrubu hata moja. Likikamilika lina urefu wa sentimita 56, kwa hiyo limejaa juu ya meza yangu yote. Lilipotoka, bei yake huko Marekani ilikuwa dola 349.99. Mimi nililipata kwa chini ya hapo kutoka kwa mwenzangu wa kazini aliyekuwa amelihifadhi kabatini bila kulifungua, na nililipa kwa fedha za zamu za usiku, ambazo hazikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote huko nyumbani.

Baba, kazi haianzi na bodi. Mtu anayetazama picha huona rangi mbili za buluu na taa za mbele akadhani hapo ndipo penye ufundi, lakini bodi huja mwishoni kabisa. Nilianza na ekseli ya nyuma, difu yake na springi zake, kisha nikaingia kwenye giaboksi, na humo ndimo nilimokaa usiku mwingi kuliko mahali pengine popote. Ina gia nane na rivasi. Kitabu cha maelekezo kinaonyesha hatua zote kwa picha, hakisemi neno, kwa hiyo usipoelewa kipande kinafanya kazi gani utakifunga tu kwa kuiga. Mimi sikutaka kuiga. Nilitaka kujua kila gia inapokea mzunguko kutoka wapi na inaupeleka wapi kabla sijaiweka mahali pake.

Humo ndani, Baba, gia zimeshikana muda wote, kama ulivyozoea kusema kuhusu ile ya Land Rover 109. Zinazungukia bure juu ya shafti mpaka ringi itelezeshwe pembeni na kuishika mojawapo. Hapo ndipo nguvu inapopita. Kwenye gari hili ringi hizo zinasukumwa na vidole vinavyogeuka robo ya mzunguko kila ninapovuta kijiti kilicho nyuma ya usukani. Kijiti cha upande mmoja hupandisha gia, cha upande wa pili hushusha, na mlio wake mdogo wa kukaa mahali pake unasikika vizuri chumba kikiwa kimya.

Pini nyeusi zinabana, na za kijivu zinazunguka bila kubana. Hazifanani kazi hata kama zinaingia tundu moja. Kila gia inapovishwa kwenye shafti hufuatwa na bushi ndogo ya kuizuia isitembee. Ukiisukuma bushi ile mpaka mwisho, gia inakandamizwa ukutani na inazunguka kwa shida; ukiiachia nafasi ndogo mno ambayo hata ukucha haupiti, inazunguka kwa ulaini na haiyumbi. Kabla ya kufunika hatua yoyote nilishika ncha ya shafti kwa vidole viwili, nikaizungusha taratibu huku nimeisogelea kwa sikio. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukifanya pale gereji ya Kizota, na ulikuwa ukimwambia Daudi kwamba kifuniko hakifungwi mpaka mkono umeridhika. Maneno hayo ulimwambia yeye, lakini na mimi nilikuwepo.

Hapo ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo sijawahi kulisema. Mimi ndiye niliyekuwa nikikupa spana namba 13 na namba 14 kabla hujanyoosha mkono. Nilikuwa nazijua kwa uzito wake. Lakini kila giaboksi ilipofunguliwa, Daudi aliitwa aje atazame, na mimi nilitumwa kwa Mama kuleta chai. Nikirudi, kifuniko kimekwisha kufungwa. Sisemi hivi ili nikulaumu, Baba, kwa sababu wakati ule hakuna gereji hata moja Dodoma nzima iliyokuwa na binti ndani yake. Nasema ili ujue ni kitu gani nilikuwa nakitazama usiku ule hapa Aarhus, giaboksi ikiwa wazi mbele yangu chini ya taa, na hakuna wa kunituma popote.

Injini inakaa nyuma ya dereva. Pistoni zote 16 zinapanda na kushuka gari linaposukumwa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini kupitia giaboksi. Ukiwa kwenye gia ya kwanza pistoni zinakimbia. Ukipanda mpaka ya nane zinapanda polepole, na kwa macho yako mwenyewe unaona uwiano wa gia ukifanya kazi yake. Halafu nusu ya mbele na nusu ya nyuma, ambazo hujengwa mbalimbali, zinaunganishwa, kama ilivyokuwa ikifanyika Molsheim kwa gari la kweli. Usukani ulipogeuza magurudumu ya mbele na pistoni za nyuma zikaitika kwa mara ya kwanza, nilipiga kigelegele peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Tena chini ya boneti kuna namba ya gari ambayo ni ya kwangu peke yangu, na kuna ufunguo mdogo wa kuinulia bawa la nyuma. Msimamizi wangu wa kazi alikuja kuliona, wiki iliyofuata akaja na mume wake, na mume wake ni mhandisi. Alisukuma gari mezani, akabadilisha gia, akaniuliza nimesomea wapi ufundi wa magari. Nilimjibu kwamba nimesomea Kizota, kwa baba yangu.

Naomba umfikishie Baba Mdogo habari hii moja, yeye akiwa fundi seremala. Aliyeanzisha kampuni hii, Ole Kirk Kristiansen, alikuwa seremala wa kijijini Billund, na mwaka 1932, kazi za ujenzi zilipokuwa zimekauka, alianza kuchonga vitu vya watoto kwa mbao. Tofali lao la plastiki la namna ya sasa liliombewa hataza mwaka 1958. Mwaka 2018 mafundi wao walijenga Chiron nzima ya ukubwa wa kweli kwa vipande zaidi ya milioni moja, ikawa na uzito wa tani moja na nusu, na mtu akakaa ndani akaiendesha kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Seremala mwenzake ndiye mwanzo wa kazi hiyo yote. Nami nakumbuka kwamba magari yetu ya mabua ya uwele, tuliyokuwa tukiyaburuta mpaka mtoni baada ya mavuno, Baba Mdogo mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuyatoboa ekseli kwa mwiba bila kuyapasua. Sielewi ni lini alianza kuidharau kazi ile.

Nyumbani nakukumbuka sana. Upepo wa Agosti na vumbi lake ningeupokea leo hii, na mlenda naupika kwa majani ya kopo ambayo hayavutiki inavyotakiwa. Lakini nisiondoke kwenye jambo langu.

Mama ameniambia kwamba Daudi anataka kuiuza ile giaboksi ya 109 iliyoko nyuma ya choo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Baba, nakuomba kwa heshima zote asiiuze. Bei watakayompa kwa kilo, mimi nitamlipa hiyo hiyo na kuongeza nusu yake, na fedha nitaituma kwa jina lako, si kwa lake. Iinuliwe kutoka chini, iwekwe juu ya mbao, ifunikwe turubai, na mtu aipakae grisi pale penye kutu. Desemba nikija nimeomba likizo ndefu. Nataka tuifungue wewe na mimi, na chai ataleta Daudi.

Mwanao,
Neema