Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Uhifadhi: Simamisha ufyekaji hadi vifaranga waruke

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote nakusalimu. Nimeshakuletea barua tatu. Zote ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na hadi leo sijapata jibu. Hii ya nne naiandika hadharani, kwa sababu juzi alfajiri niliokota vifaranga saba chini ya vichaka vya lantana vilivyofyekwa kwa amri yako. Watano walikuwa wameshakufa. Wawili niliwabeba ndani ya kofia hadi nyumbani, lakini hawakuiona jioni.

Mheshimiwa, ulituahidi mambo mawili mkutanoni, nami nilikuwa nimeketi mstari wa mbele. Ulisema hakuna kichaka kitakachoguswa msimu wa kutaga, na kwamba miti ya asili itapandwa kwanza. Miche imepandwa, ni kweli. Ulio mrefu kuliko yote unanifika gotini. Ndege gani atajenga kiota hapo?

Siitetei lantana. Ni mmea vamizi, unasonga miche ya asili, na nimeung'oa kwa mikono hii miaka tisa bila malipo. Makovu ya miiba ninayo. Nimeacha vibarua kwa ajili ya kazi hii, mgongo umeniharibikia, na nyumbani nalaumiwa kila siku. Lakini msitu wa asili ulishakatwa zamani, na ndege wakahamia mahali pekee palipobaki na kivuli na matunda. Ukiwaondolea vichaka hivyo ndani ya wiki moja, waende wapi?

Wengine walishalipitia hili. Kule Mauritius, mwanzoni mwa miaka ya 1990, njiwa waridi walibaki takriban 10 tu porini, na kimbilio lao lilikuwa kijisitu cha kriptomeria, mti wa kuletwa wenye asili ya Japani. Hebu fikiria mtu angeingia mle na msumeno kwa sababu tu mti ule si wa kwao! Nyuzilandi nako, wadudu wakubwa waitwao weta wa Mahoenui walinusurika ndani ya vichaka vya miiba vilivyotoka Ulaya, ambako panya hupenya kwa shida. Marekani walianza mwaka 2001 kuachilia mbawakawa ili waile mitamariski, miti ya kigeni iliyoota kandokando ya mito. Baadaye ikaonekana kuwa kuna ndege mdogo aliye hatarini kutoweka anayetaga kwenye mitamariski hiyohiyo, na mwaka 2010 Wizara ya Kilimo ikasitisha mpango wake. Serikali kubwa ilikubali kusimama kwa ajili ya kiota.

Nadhani mkandarasi wako analipwa kwa ukubwa wa eneo analofyeka, ndiyo maana ana haraka. Au pengine taarifa inatakiwa kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Sijui, kwa kuwa hujatujibu.

Lantana iondolewe, ila kidogo kidogo, kipande baada ya kipande, miti ya asili ikishakua kiasi cha kubeba kiota. Hilo tunaweza kulijadili hata mwaka mzima. Leo naomba moja tu: simamisha ufyekaji. Upande wa mashariki bado kuna viota, nimevihesabu jana, ni kumi na vinne, na mafundi wamesema Jumatatu wanaanzia huko.

Simamisha kabla ya Jumatatu, Mheshimiwa. Tafadhali.

Wako mtiifu,
Mhesabu ndege wa kujitolea