Umbali na muda wa safari yetu ya ndege

Habari zenu wanakikundi. Kabla ya kupanga magari ya kutupokea, tuelewane kuhusu muda wa ndege, maana hesabu za intaneti zinawachanganya wengi.

Umbali mnaouona kule ni wa mstari ulionyooka kati ya viwanja viwili. Njia halisi huwa ndefu kidogo, kwa sababu rubani hufuata njia ya kuondokea na ya kukaribia uwanja. Ukiona maili za angani (nautical miles, huandikwa NM), zidisha kwa 1.852 upate kilomita.

Viwanja vidogo mara nyingi huhudumiwa na ndege za pangaboi. Kubwa kidogo kati yake, ATR 72, huenda takribani kilomita 500 kwa saa. Ile ndogo, Cessna Caravan, ni kama 340 tu. Kwa hiyo kilomita 400 kwa ATR ni dakika 48 kwenye karatasi. Ongeza dakika 20 hadi 25 za ndege kutembea ardhini, kupaa na kushuka kutoka angani, inakuwa kama saa 1 na dakika 10. Upepo wa mbele wa kilomita 60 kwa saa unaongeza dakika 6 au 7 hivi.

Ratiba ya shirika huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama, basi ifuateni hiyo. Saa za tiketi ni za mahali husika, kuondoka na kufika.

Tafadhali hakikisheni pia herufi 3 za utambulisho wa uwanja kwenye tiketi. Mji wenye viwanja viwili umeshawapoteza wengi.