Rangi mbili zisipimwe bega kwa bega

Mhariri,

Ukurasa wenu wa nyumba umemshauri msomaji aliyekwama kati ya rangi mbili za chumba apake kipande cha kila moja ukutani, zikiwa zimegusana, kisha achague. Mimi ni fundi rangi, na ushauri huo naupinga.

Rangi zikigusana hubadilishana sura. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, kinachofuma mapambo ya ukutani jijini Paris, alipata malalamiko kuwa nyeusi yake imefifia. Akagundua kasoro haimo katika nyeusi, imo katika rangi zilizoizunguka. Aliyaandika hayo mwaka 1839, na ukutani ni yale yale.

Mteja wangu mmoja alitaka krimu au kijivu chepesi chumbani kwake. Zilipokaa pamoja, krimu ilionekana njano tupu, kijivu kikavutwa kwenye bluu. Akazikataa zote mbili! Nikapaka vipande viwili vya hadibodi, kila kimoja rangi yake, mikono miwili (yaani tabaka mbili), nikaviacha vikauke kabisa, maana rangi mbichi haiaminiki. Tukaegemeza kimoja ukutani, tukakiondoa, ndipo tukaweka cha pili palepale. Kijivu kilekile alichokikataa kikatulia, akakipenda.

Lakini sikumruhusu aamue mchana. Chumba kile hukitumia usiku, hivyo tuliwasha taa. Balbu ya kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) hutoa mwanga wa njano unaokipa kijivu joto na kuikoleza krimu. Ya kelvini 6500 huelekea bluu, na kijivu chini yake huweza kupooza kama chumba cha wagonjwa. Anayepima rangi kwa balbu moja kisha akaishi na nyingine amepima chumba kisicho chake. Zulia nalo lina neno: likiwa jekundu, wekundu wake hupanda hadi ukutani, hasa sehemu ya chini.

Kuna na hili la ufundi. Viraka vilivyopakwa moja kwa moja ukutani huacha kingo zilizoinuka. Zisiposuguliwa kwa msasa, huonekana hata baada ya mkono wa mwisho, zaidi rangi ikiwa ya kung'aa.

Naomba ushauri ule urekebishwe upesi, kwa sababu wapo wasomaji watakaonunua makopo ya chumba kizima kwa kuufuata.

Fundi rangi, msomaji wenu