Mahindi yakipanda bei yanakuwa ya nani?

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Ila ile habari mliyoitoa wiki iliyopita, ya yule mtaalamu anayetaka wakulima tuzuiwe kuuza nafaka nje bila kibali mpaka nchi ijitosheleze kwa chakula, imenikosesha usingizi. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali alipoulizwa mkulima hata mmoja. Sikupaona.

Ninalima mahindi na maharage Sumbawanga Vijijini. Naomba nafasi nieleze yaliyonipata, kwa sababu huyo mtaalamu anazungumzia katazo kama mtu anayezungumzia kufunga bomba la maji.

Msimu wa 2016/17 nililima ekari sita. Nilikodi maksai, mbolea nikakopa, palizi mbili nikaweka vibarua. Baada ya kutenga chakula cha nyumbani nilibaki na magunia 84. Mapema Juni akaja mnunuzi kutoka Tunduma, mpakani na Zambia. Akachoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, kwenye magunia matatu, akatafuna punje, akaridhika kwamba yamekauka. Tukakubaliana shilingi 52,000 kwa gunia, lori lije baada ya Idi. Idi ndiyo hiyo hiyo lilipotangazwa katazo: mahindi yasivuke mpaka, anayetaka kuuza nje apeleke unga. Yule mnunuzi alinipigia simu mara moja tu kunitaka radhi. Ghala sina, hivyo niliyapanga magunia chumba cha watoto, wao wakahamia sebuleni. Agosti dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, wakaingia. Asiyewahi kulala nyumba moja na dumuzi hawezi kujua. Usiku watu wakishatulia unawasikia ndani ya magunia, mlio kama mchanga unaomwagika taratibu. Asubuhi mama watoto anafagia unga mweupe uliodondoka chini, sinia moja kila siku, na hata kuku hatukuthubutu kuwapa maana tulikuwa tumeshatia dawa. Nikakodi gari nikapeleka magunia 20 kwenye kituo kimoja cha ununuzi. Nililala foleni siku nne, juu ya magunia yangu, ya tano tukaambiwa fedha zimekwisha. Nikalipa nauli ya kuyarudisha. Februari nikauza 61 yaliyosalimika kwa shilingi 24,000 kila moja. Mahali pa shilingi 4,368,000 nikapata 1,464,000, na deni la mbolea lilikuwa linanisubiri. Binti yangu aliyekuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi akakaa nyumbani mwaka mzima. Katika mwaka huo wote hakuna aliyebisha hodi kwangu kusema yale mahindi yalikuwa ya Taifa, basi tugawane hasara. Hapo ndipo ninapotaka huyo mtaalamu anijibu. Mahindi yakishuka bei ni yangu, dumuzi ni wangu na deni ni langu. Yakipanda bei, ghafla yanakuwa chakula cha nchi na mimi naonekana mtu anayetaka kuwashindisha wenzake njaa.

Watasema waliruhusu unga. Kijijini kwetu kuna mashine mbili za kusaga, za debe debe kwa kichwa. Hakuna ya kukoboa kwa kiasi cha kuuza, hakuna vifungashio, hakuna alama ya ubora, na umeme ukikatika mnarudi kesho. Mwenye kiwanda cha mjini ndiye aliyefaidi, maana alinunua mahindi yetu kwa bei aliyotaka akijua hatuna pengine pa kwenda.

Na si kweli kwamba mpaka ulifungika. Anayekaa karibu na Tunduma anajua njia za panya, na anajua baiskeli na pikipiki zinazopita usiku. Mahindi yaliendelea kwenda. Kilichobadilika ni kwamba mfanyabiashara alikata gharama za hatari yake kwenye bei ya shambani. Kila anachoweza kupoteza njiani kwa kukamatwa anakitoa kwanza mfukoni mwa mkulima.

Mimi si kijana wa kuambiwa kwamba mambo ya zamani yalikuwa mazuri yote au mabaya yote. Marehemu baba aliuza kwa NMC, Shirika la Usagishaji la Taifa, enzi za bei moja nchi nzima. Nasema ukweli, bei ile ilitusaidia watu wa Rukwa na Ruvuma. Tulikuwa mbali na Dar es Salaam lakini tulilipwa sawa na wa karibu, gharama ya usafiri ikabebwa na shirika. Ndivyo mikoa hii ya kusini ilivyoingia kwenye mahindi kwa nguvu. Lakini namkumbuka pia baba akienda kuulizia malipo yake na kurudi mikono mitupu, mahindi yameshachukuliwa tangu msimu uliopita. Na nakumbuka mtu kusafiri na zaidi ya kilo 30 bila kibali lilikuwa kosa, mahindi yake mwenyewe! Mwaka 1984 wakapandisha hadi kilo 500, na 1987 wakaondoa kikomo chote. Baba alikuwa bado hai. Aliposikia alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama na gunia la maharage linaruhusiwa. Sasa wanataka turudishwe huko huko, na kibali kipite tena mikononi mwa mtu aliye ofisini.

Kuna wanaosema tumepewa mbolea ya ruzuku, kwa hiyo mazao yana mkono wa Serikali. Ruzuku naishukuru kwa moyo. Ilipoanza tena mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 uliokuwa umepita laki moja tuliupata kwa shilingi 70,000, na wapo majirani waliorudi shambani kwa ajili hiyo. Lakini ukimsaidia mwanao ada hujanunua mshahara wake.

Na njaa ya mjini tunaijua, tuna ndugu na watoto huko. Sisi ndio wa kwanza kuiona mvua ikikatika, na hakuna mkulima mwenye akili anayeuza mpaka gunia la mwisho kabla hajajua Machi atakula nini. Nchi ikihofia upungufu, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, upo kwa kazi hiyo. Upewe fedha mapema, Mei, uje kushindana na wanunuzi wa Kenya, Zambia na Congo kwenye mizani moja. Tutauzia nyumbani kwa furaha. Nakumbuka Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, nchi nzima ililalamika kwamba wakulima wanaonewa, na siku chache baadaye wakaruhusu kwa masharti. Mbona mpaka ukifungwa kutoka upande wetu, uonevu huo huo hatuuoni?

Halafu kuna hili la mageti ya ushuru barabarani, Mhariri, ambalo magazeti yamelichoka lakini sisi bado linatutesa. Mwaka juzi mkwe wangu alifiwa Mbeya. Nikapakia magunia sita ya mahindi kwa ajili ya msiba. Kwenye geti moja njiani kijana akatusimamisha, akataka ushuru na barua ya kuonyesha mahindi yanatoka wapi. Nikamweleza kwamba tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja hautozwi ushuru ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine, na sita ni kilo 600. Akasema yeye hajaletewa hiyo karatasi. Tukabishana saa mbili juani, mama watoto amejifunga kanga ya msiba, dereva anaangalia saa. Mwishoni nililipa ili tuwahi mazishi. Risiti sikupewa. Tulifika kaburi linafukiwa. Kama ndani ya nchi, kwenda kuzika, napata tabu hii na gunia sita, huo utaratibu wa vibali vya mpakani utakuwaje kwa mtu mwenye gunia thelathini asiyemjua mtu ofisini?

Ninalo pendekezo, na naomba mlichape kama lilivyo. Kwanza, katazo lolote la kuuza nafaka nje litangazwe kabla ya tarehe 1 Novemba, kabla hatujapanda, ili nijue kama nilime ekari sita au mbili. Likitangazwa Juni mahindi yakiwa yamesimama shambani, lisiwe na nguvu kwa mavuno ya mwaka huo. Pili, likibidi kabisa kutangazwa wakati wa mavuno, ndani ya siku 14 aliyetangaza alete mizani mpaka kijijini, anunue kila gunia linaloletwa kwa bei iliyokuwa Tunduma siku moja kabla ya katazo, fedha taslimu. Asipofika siku ya 14, siku ya 15 mpaka uko wazi. Sioni ugumu wake. Mnunuzi binafsi mwenye lori moja la kukodi ameweza kufika kwetu miaka yote.

Huyo mtaalamu namkaribisha wiki ya pili ya Julai, tukiwa tunapukuchua. Kwenye sakafu ya kile chumba bado kuna alama magunia yalipokaa, saruji imebadilika rangi. Na binti yangu sasa ni muuguzi, amechelewa kwa mwaka mmoja. Anaweza kumweleza mwenyewe.

Mkulima wa mahindi,
Sumbawanga, Rukwa