Nani aliwaambia Mawe ya Pundamilia ni kupoteza muda?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Nimevumilia ukurasa wa nyota, nimevumilia ushauri wa mapenzi, nimemvumilia hata mwandishi wenu wa michezo. Makala ya Jumapili kuhusu kupanda Mlima Kilimanjaro ndiyo iliyonishinda.

Unaikumbuka bila shaka. Ni ile iliyotushauri sisi wa Dodoma, tunaojiandikisha kwenye makundi ya Desemba ya kupandisha bendera, kwamba tukipita njia ya Marangu tusihangaike na Kreta ya Maundi, lile shimo la volkano ya zamani, wala Mawe ya Pundamilia, ule mwamba wenye mistari, eti huko ni kumaliza nguvu za kilele bure. Haya. Halafu aya chache chini, mwandishi huyohuyo anasema ukishafika kilele cha Uhuru na ukajiona bado unazo nguvu, ingia ndani ukaone kreta ya Reusch na shimo lake la majivu. Nilirudia kusoma nikidhani ni kosa la mtambo.

Uhuru ni mita 5,895. Pumzi unayoipata pale ni kama nusu ya ile ya Tanga ufukweni. Mtu amepanda usiku kucha kutoka vibanda vya Kibo, hajapata usingizi wa maana, maji yameganda kwenye chupa, na siku hiyohiyo anatakiwa ateremke mpaka vibanda vya Horombo. Huyo ndiye mnayemtuma akazurure? Shimo la majivu ni la ajabu, sibishi, na harufu ya kiberiti bado inatoka. Lakini ni la watu waliolipanga tangu getini, wenye mwongozaji aliyekubali na siku za ziada. Si la karani wa ofisi za serikali Mtumba aliyeanza mazoezi Novemba.

Maundi ni kinyume chake kabisa. Unafika vibanda vya Mandara, takriban mita 2,700, mapema, miguu bado ina hamu. Kutoka kwenye vibanda ni kama robo saa tu, unapita kwenye miti iliyoota ndevu za kijani, na ukiwa na bahati mbega wanakurukia juu ya kichwa. Ukingoni mwa kreta, ukungu ukikaa pembeni, vilele vya Kibo na Mawenzi viko upande mmoja na tambarare za Kenya upande wa pili. Sasa nguvu gani imeisha hapo?

Mawe ya Pundamilia yenyewe yako juu ya Horombo, kwenye mita kama 4,000, wakati vibanda viko 3,720. Faida yake haiko kwenye picha. Unapanda juu, unarudi kulala chini, mwili unaanza kuizoea hewa nyepesi. Mwongozaji yeyote anayestahili kofia yake analijua hilo, na ndiyo sababu safari ya Marangu ya siku sita huwa na siku nzima ya kukaa Horombo. Wanaopita njia ya Machame hupandishwa mpaka mwamba wa Lava Tower, kama mita 4,600, wakashushwa kulala kambi ya Barranco chini ya 4,000. Huko hamkusema ni kupoteza muda, mkasema ni kuzoea hewa. Tofauti ni kwamba Machame njia imekulazimisha, Marangu inabidi ujitoe kitandani.

Nieleze yaliyonipata ndipo uelewe hasira zangu. Desemba moja nilipanda na watumishi na wastaafu kutoka hapa mjini. Fulana zilikuwa zimechapwa, bendera imekunjwa vizuri. Kampuni iliyotupeleka sitaitaja. Tulilipia siku sita, na siku ya ziada ilikuwa ni hiyo ya Horombo. Asubuhi yake nimefunga viatu, chupa imejaa, nimesimama mlangoni pa kibanda. Kiongozi wetu akaja na kikombe cha chai mkononi. "Mama, leo pumzikeni tu. Kule hakuna kitu, ni mawe tu." Nikamjibu, mwanangu, mlima wote huu ni mawe tu, na tumeulipia. Akacheka, akasema wateja wake wanafika kileleni kwa sababu anajua kuwatunzia nguvu. Baadaye kijana mmoja katika wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, ambaye alikuwa akiniamkia kila tulipopishana njiani, akaninong'oneza ukweli: waongozaji wasaidizi walikuwa wametumwa kwa kundi jingine, kwa hiyo hapakuwa na wa kututoa. Basi tukakaa. Watu wakacheza karata, wakapiga picha na mimea ya lobelia mpaka lobelia zikachoka. Mwenzetu mmoja, mwanamume wa mbio na mazoezi, alilala mchana kutwa kwa sababu aliambiwa alale. Kesho yake tukiwa Kibo kichwa kikamshika. Usiku akatapika hata Pango la Hans Meyer hatujaliona, akateremshwa ameshikwa kwapa. Sisemi Mawe ya Pundamilia yangemfikisha Uhuru, mlima una yake. Ninachosema ni kwamba alinyimwa kitu alichokilipia, kitu ambacho kazi yake ni kumwandaa kwa usiku ule, na aliyemnyima alitumia hoja ileile mliyoichapa ninyi Jumapili. Sasa mnampa gazeti la kuonyesha! Atalikata alibandike ofisini!

Niliyaona mawe yenyewe mwaka mwingine, na watu wengine. Ni ukuta wa mwamba mweusi uliochirizika mistari myeupe toka juu hadi chini, kazi ya maji ya mvua yanayoteremka na madini yake na kuyaacha yakikauka. Nilikaa chini ya ukuta ule nikala yai langu la kuchemsha, na sikumbuki kama kuna chakula kilichowahi kuninogea hivyo. Kufika Uhuru bila kupita pale ni kama kwenda harusini, ukala wali, ukaondoka hujamwona bibi harusi.

Na maneno haya ya "mawe tu" hayakuanzia mlimani. Yapo hapahapa kwetu. Waliohamia na serikali kutoka Dar es Salaam hawaishi kulalamika kwamba Dodoma hakuna pa kwenda Jumamosi, ni vumbi na nyama choma. Watu haohao wanapanda basi la Arusha, lami safi mpaka Babati, wanapita Kolo wamelala midomo wazi. Hapo Kolo, ukishaipita Kondoa mjini, kuna ofisi ya kupokea wageni. Unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza, unakwenda kilomita chache na kupanda kidogo kwa miguu, unakuta michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mapango na miamba yenye michoro katika eneo lote ni zaidi ya 150. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, wakati huo barabara haikuwa hii. Kuna twiga, kuna tembo, kuna watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu, na wenyeji mpaka leo huenda kwenye pango la Mungomi wa Kolo kuombea mvua. Niliwahi kumwuliza jirani yangu, mtu wa wizarani, kama amefika. Akaniuliza kama kuna hoteli yenye bwawa. Gazeti lako nalo halijawahi kutoa hata nusu ukurasa, lakini harusi ya msanii inapata kurasa nne za rangi.

Nimetoka nje ya mada kidogo, lakini si sana.

Nina mapendekezo. La kwanza, pale Horombo njia inapochepuka kwenda kwenye mawe, kiwekwe kibao cha mbao, kisiwe cha plastiki, kipakwe nyeusi na nyeupe, kiandikwe kwa Kiswahili kwanza: muda wa kwenda, muda wa kurudi, beba maji yako. Chini yake, kwa herufi kubwa: ULIYELIPIA SIKU YA SITA, HII NDIYO YAKO. Kampuni ikileta porojo, mteja aoneshe kidole. La pili, hifadhi hutoa cheti kwa waliofika ukingoni mwa kreta ya Kibo, Gilman's Point au Stella Point, au Uhuru kwenyewe. Vizuri. Basi nyuma ya cheti wagonge muhuri mdogo wa pundamilia kwa aliyekwenda kwenye mawe, hata kama kilele kilimshinda. Kwa huyo aliyeshindwa, wamtafutie karatasi yoyote wagonge. Wachonga mihuri wapo Majengo, bei haifiki ya mguu wa mbuzi, na huo wa kwanza nitaulipia mimi. La tatu ni kwako: mwandishi wenu apelekwe Mandara kwa gharama za gazeti, apandishwe mpaka Maundi kwa robo saa hiyo ya kumaliza nguvu, kisha aandike upya. Akirudi amechoka sana, mpeni likizo.

Mwisho kabisa, picha. Mlima wenye meno mliouweka juu ya maneno "Kilele cha Uhuru" ni Mawenzi, mita 5,149, na hapandi mtu hapo bila kamba. Mtakapochapa masahihisho, msiyafiche chini ya matangazo ya vifo kama kawaida yenu.

Mwalimu mstaafu,
Ipagala, Dodoma