Seremala wenzangu, tuvitoe visu kwenye droo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na mafundi seremala wenzangu wanaotengeneza makabati ya jikoni.

Binti yangu alijikata kidole cha shahada alipopeleka mkono kwenye droo kutafuta mwiko. Jeraha lilipona, ila siku ile niliitazama droo yetu kwa jicho la fundi. Patasi zangu kila moja ina ala yake, maana makali yakigongana na chuma huharibika. Visu vya nyumbani nilikuwa nimeviacha vigongane kila droo inapovutwa. Kwa mtu aliyelisha watoto kwa makali miaka yote, iliniuma.

Nikaamua kutengeneza ubao wa sumaku wa kutundika ukutani. Wa kwanza ulinishinda. Nilitoboa vishimo vya sumaku upande wa nyuma, nikabakiza milimita 5 za mbao mbele ili ubao usipasuke. Usiku kisu kikubwa kikaserereka hadi sakafuni. Namshukuru Mungu hapakuwa na mguu wa mtu pale. Asubuhi niligusisha sumaku zilezile na chuma bila mbao katikati, zikang'ang'ania hata kuzibandua ni kazi. Kosa lilikuwa unene wa mbao: nguvu ya sumaku hupungua upesi mno chuma kinaposogea mbali, na milimita moja si kitu kidogo.

Ubao wa pili nilibakiza milimita 2. Hapo ndipo ufundi ulipo. Ncha ya keekee imechongoka, ukiiachia ifike mwisho itatokeza upande wa mbele. Toboa usifike, kisha usawazishe kitako cha kishimo kwa patasi, taratibu. Sumaku ziwe zile za neodimi, ndogo lakini zenye nguvu sana, zing'aazo kama fedha. Zibandike kwa gundi ya epoksi moja moja, ya kwanza ikauke ndipo uweke jirani yake, la sivyo zitavutana na kung'oana gundi ikiwa bado mbichi. Zikirukiana hupasuka, na hubana vidole vibaya.

Nasisitiza jambo moja kwa wenye watoto wadogo. Zihesabu sumaku kabla na baada ya kazi. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kunasana tumboni zikiwa zimebana utumbo katikati, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Ubao usikae juu ya jiko, kwa sababu neodimi ya kawaida huanza kupoteza nguvu joto likipita nyuzi 80 hivi. Visu vya kauri havishiki kabisa. Cha chuma kiwekwe mgongo kwanza, ndipo ubapa ulale kwenye mbao. Kukitoa, kiegemeze kwenye mgongo, makali yainuke kwanza. Ukikiburuta, makali yatakwangua mbao na kulika.

Ombi langu kwenu mafundi: mteja akiagiza kabati, mwulizeni visu vyake vitakaa wapi. Vipande vya mbao ngumu vinavyobaki karakanani vinatosha kabisa kwa kazi hii. Binti yangu amehamia kwake na tayari ananidai ubao wake. Mbao nimesharanda, nasubiri gundi ya sumaku ya tatu ikauke.

Msomaji wako,
Seremala